Namba Tisa, Namba Kumi na Punje Mbili za Buni

Barua yangu ya kustaafu inasema nilikuwa karani wa ghala katika kiwanda cha kukoboa kahawa, Bukoba, na kwamba nilitunza magunia kwa uaminifu. Magunia kweli niliyatunza. Lakini kila siku ikifika saa tisa na nusu alasiri nilikuwa nafunga ghala, natundika filimbi shingoni na kupanda hadi kiwanja cha Kahororo kufundisha timu ya kiwanda, kazi ambayo haikuwa na cheo wala fungu, kwa hiyo kwenye karatasi haikuwapo. Ninyi vijana mnaofundisha timu za wilaya mmeniomba niandike jinsi nilivyokuwa nachagua washambuliaji. Haya, naandika. Mishahara na vyeo sitavigusa, maana vyangu vilikuwa vidogo mno, nikivigusa nitavipoteza.

Ualimu wa mpira niliupata miaka michache baada ya Uhuru kwa njia ya haki kabisa. Mwenyekiti wa kamati ya timu, bwana mmoja mnene aliyependa mikutano kuliko chakula, aliingia ghalani na mpira mkononi akatafuta mahali pa kuuweka. Akauweka juu ya gunia. Kisha akaniangalia, akauangalia mpira, akasema, "Anayetunza mpira ndiye mwalimu." Hapakuwa na usaili mwingine. Nilikuwa nimecheza beki shuleni miaka miwili, mmojawapo nikiwa mgonjwa.

Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi, wa kufungwa kamba kama kiatu. Ulijazwa kwa pampu ya baiskeli na kupakwa mafuta ya ng'ombe usiku wa kuamkia mechi ili usinywe maji. Hata hivyo ulikunywa, kwa sababu Bukoba mvua haiulizi ratiba. Ulipolowa, mtu aliyeupiga kichwa upande wa kamba alirudi nyumbani na alama kwenye paji la uso, na mkewe alidhani amepigana kilabuni. Mistari ya kiwanja tuliichora kwa majivu kutoka jikoni kwa kiwanda. Chokaa iliombwa kila mwaka, na kila mwaka kamati iliazimia kwamba iombwe tena.

Aliyenifundisha kazi si mwalimu wa michezo. Alikuwa Bwana Jivan, Mhindi wa duka la vitambaa pale mjini, aliyekuja kila mazoezi na kiti chake cha kukunja na mwavuli mweusi. Mara ya kwanza kuzungumza nami alinikuta nimemkodolea macho winga anayepiga chenga.

"Mwalimu, unaangalia nini?"

"Naangalia mpira, Bwana Jivan."

"Mpira hauchezi. Na huyo mwenye mpira mwache, kila mtu anamwona. Mwangalie yule asiye nao. Anakwenda wapi? Anataka nini? Hapo ndipo utajua nani anafaa kucheza na nani."

Hilo ndilo somo pekee la maana nililopata kwa miaka yote, na nililipata bure kutoka kwa muuza kaniki. Lishikeni. Ukitaka kuchagua namba tisa na namba kumi, usihesabu magoli yao mazoezini. Mpe mmoja mpira, kisha mwangalie mwenzake. Akisimama na kushika kiuno, huyo ni mtazamaji, muuzie tiketi. Akikimbilia mahali ambapo mwenzake anaweza kumwona, huyo ni mwenzi. Na akikimbia kwa hasira kana kwamba ameibiwa, mweke pembeni umfikirie vizuri zaidi, maana huyo mimi nilimwelewa nikiwa nimechelewa.

Sasa nije kwa Evodi na Projesti. Evodi alitoka Maruku, mrefu, mguu wa kushoto, mdomo hauna breki. Projesti alitoka Muleba, mfupi, mapaja kama shina la mgomba, mtu wa kununa. Wote wawili walikuwa vibarua wa kuanika kahawa, na wote wawili walitaka kuvaa jezi namba tisa. Nilimpa Evodi tisa na Projesti kumi, na tangu siku hiyo hawakusalimiana. Mmoja akipata mpira, mwingine anamfuata mbio, si kusaidia, bali kumnyang'anya. Niliona kwa macho yangu Projesti akimpiga mtama Evodi ndani ya eneo la penalti. Refa alikosa la kufanya, kwa sababu kitabu chake hakikusema kitu juu ya mtu anayemchezea rafu mwenzake wa timu. Mechi moja waliupiga mpira kwa pamoja, miguu miwili, ukaingia wavuni, na ikawa wiki mbili za ugomvi kiwandani juu ya goli ni la nani. Kila mmoja alileta mashahidi.

Lakini tulikuwa tunashinda. Hilo sasa naliona. Wakati ule niliona aibu tu.

"Waache hivyo hivyo," Bwana Jivan aliniambia. "Huyu akienda golini, yule lazima awepo, kwa sababu hamwamini. Mabeki wanachoka. Hao ni jozi nzuri."

Nilicheka moyoni. Yeye alikuwa muuza vitambaa. Mimi nilikuwa nimeshahudhuria kozi ya wiki mbili Mwanza, nikapewa cheti chenye picha ya mpira. Pale Mwanza tulifundishwa kwamba washambuliaji lazima waelewane. Niliamini cheti.

Msimu ambao naueleza, Meneja wa kiwanda alituita wote uwanjani akasema maneno mawili. Timu ikipanda kutoka ligi ya wilaya kwenda ligi ya mkoa, vibarua wote wanaocheza wataajiriwa moja kwa moja. Isipopanda, timu inavunjwa, na vibarua watarudi vijijini kwao msimu wa kahawa ukiisha. Wengi walishangilia. Asiyeshangilia ni Novati, mshambuliaji wangu wa akiba, kijana mpole kutoka Kimwani. Babu yake alikuwa mmoja wa wenye mashamba waliokuwa na wapangaji wa kuwalimia, na ulipokuja wakati wa haki kwa wote, shamba liligawiwa wale wapangaji. Sisemi halikustahili kugawiwa. Nasema tu kwamba Novati, aliyezaliwa babu akiwa ameshazikwa, hakuwa na hata mgomba mmoja wa kurudia. Mama yake aliishi jikoni kwa dada yake. Wengine wangepoteza ajira. Novati angepoteza mahali pa kulala.

Basi kamati ikakutana kuzungumzia ushambuliaji. Mwenyekiti alifungua kwa hotuba ya kidole kimoja kutovunja chawa, akafunga kwa hiyo hiyo. Akauliza, "Mwalimu, dawa ni nini?" Nilikuwa nimechoka, nimekalia benchi tangu saa nane, na nikasema kwa mzaha wa mtu mwenye hasira, "Dawa ni wale wawili wafungane omukago, basi."

Kwa msiojua, omukago ni undugu wa kuchanjiana, wa wazee wetu. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Kila mtu anachanjwa kidogo karibu na kitovu, punje inapakwa damu yake, na mwenzake anaimeza kutoka kiganjani. Kuanzia hapo mmekuwa wanywani, ndugu kuliko wa tumbo moja. Humnyimi, humsaliti. Ukimkosea, ile punje inakuvimba tumboni. Mapadri waliupiga vita miaka mingi, na watu walikuwa karibu kuusahau.

Nilitegemea wacheke. Mwenyekiti hakucheka. Alisimama akasema huo ndio udugu wenyewe tunaouhubiri kila siku, tena wa asili. Akaitisha kura. Kamati ikaazimia kwa kauli moja kwamba namba tisa na namba kumi wapendane, na azimio likagongwa muhuri. Mimi nami, kwa kuwa wazo lilikuwa langu, nilianza kuliona la busara. Nilinyoosha mkono juu kuliko wote.

Tuliwapeleka kwa Ta Kaiza, mzee wa Maruku aliyekuwa bado anaijua kazi hiyo, Jumapili mchana baada ya misa, nyuma ya nyumba migombani. Evodi na Projesti walikuja kwa sababu ya ajira, wamenuna kama watoto wanaopelekwa kuchomwa sindano. Ta Kaiza aliisoma karatasi ya kamati, akaikunja, akaiwekea kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, juu yake. Akafanya kazi yake taratibu. Mwisho akawashika mikono akawaambia, "Usimtangulie mwenzako mezani. Usile yeye akiwa hajala. Mmesikia, wanangu?"

"Tumesikia, tata," wakasema. Na nilipowaangalia machoni niliona kitu ambacho sikukitegemea. Walikuwa wameogopa kwelikweli, wote wawili. Vijana waliokuwa wakicheka mambo ya wazee walishika matumbo yao njia nzima ya kurudi.

Mazoezi ya kesho yake nilijipiga kifua. Walisalimiana! Evodi alimpa Projesti pasi, Projesti akamrudishia. Wakapasiana kutoka katikati ya uwanja hadi mbele ya goli, kazi safi kabisa, ile ya cheti. Hapo golini Evodi akasimama.

"Piga wewe," akasema.

"Hapana waitu, piga wewe," akasema Projesti kwa heshima, akamrudishia.

"Nitapigaje na wewe hujapiga?"

"Mimi nikipiga kwanza, tumbo langu utalibeba wewe?"

Golikipa alikuja akauokota mpira katikati yao akauliza kama wamemaliza. Nilidhani ni mzaha wa siku moja. Haukuwa mzaha. Mechi tatu zilizofuata tulitawala uwanja mzima, tukatoka sare zote, na timu nyingine zikaanza kuja na watu wao kutazama vile vituko. Wazee walisema hawajawahi kuona adabu kama ile. Golikipa mmoja alikaa chini akiwasubiri waamue. Kwa magoli ya mwanzo wa msimu tulikuwa bado tuko nafasi ya pili, na ilibaki mechi moja, ugenini Muleba, dhidi ya waliokuwa wa kwanza. Tukishinda tunapanda. Sare haitusaidii kitu.

Nilirudi kwa Ta Kaiza nimebeba kilo ya sukari. Nikamwomba aufungue ule undugu, hata kwa dakika tisini.

"Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu."

"Basi uwaambie goli si meza."

"Niliwaambia. Walikuja hapa wenyewe kuuliza. Huyo mrefu akaniambia, 'Tata, kama si meza, mbona kila mtu anakwenda pale na njaa?'" Akaonja sukari kwa kidole. "Kabla ya hapo walikuwaje?"

"Walichukiana."

"Na magoli?"

Aliniangalia kwa huruma ambayo nisingependa kuangaliwa nayo tena.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo kazi ilipo. Nilirudi Kahororo nikafanya kile nilichopaswa kukifanya kabla ya kozi, kabla ya kamati, kabla ya mdomo wangu. Nilikaa chini karibu na kiti cha Bwana Jivan, nikampa Evodi mpira, nikamwangalia asiye na mpira. Nikamwingiza Novati badala ya Projesti. Novati hakuwa na mbwembwe. Alikuwa na tabia moja: beki akimwangalia Evodi, yeye anahama hatua mbili, kimya, kama mtu anayesogeza kiti. Na Evodi hakuwa na deni lolote la tumbo kwa Novati. Alipiga bila kuuliza. Akipangua golikipa, Novati yuko pale. Nilijaribu pia Projesti na Novati, ikawa vilevile. Siku tatu nilifanya hivyo, na kila siku nyavu zilitikisika.

"Umeona?" akasema Bwana Jivan.

"Nimeona."

"Sasa utafanya?"

Nilikwenda kwa Mwenyekiti na karatasi ya kikosi: Evodi tisa, Novati kumi, Projesti apumzike. Aliisoma akavua miwani.

"Azimio haliwezi kutenguliwa kwa sababu ya magoli, Mwalimu."

"Lakini Mwenyekiti, tukitoka sare timu inavunjwa."

"Ivunjwe ikiwa na umoja. Na huyu Novati. Wageni watoke wilayani, waone mjukuu wa kabaila ndiye anayeongoza mashambulizi ya wafanyakazi? Tumemvumilia kukaa benchi, inatosha." Kisha akaongeza kwa sauti ya upole, ile mbaya, "Na wewe ghala lako nalilinda mimi. Unajua."

Nilijua. Nilikuwa na watoto watano. Hilo nalitaja kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linanisafisha.

Muleba tulikwenda na lori la kahawa, wachezaji juu ya magunia matupu, Mwenyekiti mbele kwa dereva. Uwanja ulijaa hadi kwenye mistari ya majivu, na hapakukosekana watu waliokuja kuwaona wale wanywani tu. Kipindi cha kwanza Evodi na Projesti walipeana heshima mara nne. Watu walipiga vigelegele, "Karibu! Asante! Karibu!" Wachezaji wetu wengine, wenye ajira zao mikononi mwa watu wawili wanaopishana mlangoni, walianza kulia kwa hasira. Nahodha alimshika Evodi shingo. Evodi akasema, "Niacheni! Mnataka nife?" Hakuwa akiigiza.

Zikabaki dakika ishirini, bila kwa bila. Nilisimama. Nikamgusa Novati begani. Alivua sweta, akaingiza jezi ndani ya bukta, akafunga njumu zake mara mbili, akaenda kusimama kwenye mstari. Refa alituona akanyoosha mkono kusubiri mpira utoke. Nami nikageuka, sijui kwa nini niligeuka, nikamwona Mwenyekiti amekaa na wageni wa wilayani. Alivua miwani tu.

Mpira ukatoka. Refa akaniangalia.

"Rudi ukae," nikamwambia Novati.

"Mwalimu?"

"Kaa."

Akakaa. Dakika mbili kabla ya filimbi, krosi ilitoka upande wa kulia, golikipa wao akateleza kwenye tope, na mpira ukamfikia Evodi hatua sita kutoka golini, goli tupu kama mlango wa kanisa siku ya kazi. Nilimwona akiinua mguu wa kushoto. Nilimwona akiuteremsha. Alimsogezea Projesti. Projesti, masikini, akafumba macho akamrudishia. Beki mmoja wa Muleba akapita katikati akaupeleka mpira migombani.

Tulikuwa kwenye lori la kurudi, tumeshavuka mteremko wa mwisho. Evodi ndiye aliyeanza kusema, amemwegemea Projesti bega. "Mwalimu, ungetuacha tuchukiane." Hakuwa na hasira. Nilimwambia ndiyo, ningewaacha, na nilimaanisha. Wengine wakaanza kuilaani ile buni na wazee na Ta Kaiza, na nikawaacha wailaani. Kiwandani nako niliandika kwenye ripoti yangu kwamba timu ilishindwa kwa sababu za kimila. Ni sentensi ya kijinga kuliko zote nilizowahi kuandika, na ilipongezwa kwenye kikao.

Kwa hiyo msiniulize tena kama mfupi achezeshwe na mrefu, au wa kushoto na wa kulia. Hayo mtayaona wenyewe mkikaa chini na kuangalia. Washambuliaji wangu niliwajua. Siku tatu kabla ya mechi ile nilijua nani acheze na nani, nilijua kama ninavyoijua njia ya kwangu. Kujua hakukunisaidia. Niliogopa miwani ya mtu mmoja, na kuna vijana kumi na wanne walilipa.

Timu ilivunjwa Jumatatu. Mimi, karani wa ghala, ndiye niliyekabidhiwa kupokea jezi. Walikuja mmoja mmoja na vifurushi vyao chini ya kwapa. Nyingi zilikuwa bado na maji, zimesuguliwa usiku kucha na tope la Muleba halijatoka, na kila mmoja aliniomba radhi kwa tope. Novati alikuja mwisho, na sanduku lake la mbao tayari begani. Jezi yake ilikuwa kavu, imekunjwa pembe nne.

"Hii sikuifua, Mwalimu," akasema. "Haina jasho."